Uchambuzi wa kisa: gari la mwaka 2000, injini ya baadaye

Mhusika na alichokuwa akitafuta

Mnunuzi ni Mkenya anayefanya kazi Uingereza. Alitenga pauni 8,500 apate Porsche: 6,500 za kununulia, 2,000 za matengenezo ya mwanzo. Majina, mji, rangi na namba za gari vimeondolewa, na bei zimezungushwa kidogo.

Mwanzoni alipanga kurudi na gari hilo Nairobi. Mpango huo ulikufa mapema, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa bajeti yake kila gari lilikuwa limeshapita umri huo zamani. Tanzania lingepita, kwa ushuru wa ziada wa uchakavu, ila yeye hakuwa anaelekea huko. Kwa hiyo gari lingetumika Uingereza na kuuzwa hukohuko. Hilo liliipa faili la risiti uzito mkubwa, maana mnunuzi wa pili naye angetaka kuliona.

Kwa nini historia ya kampuni ina kazi hapa

Wengi huisoma historia ya Porsche kama hadithi ya kupitisha muda. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika ni kitu cha kazi kama spana, kwa sababu ndiyo inayoeleza injini ipi imekaa kwenye bodi ipi na imeingiaje humo.

Ferdinand Porsche alifungua ofisi ya usanifu Stuttgart mwaka 1931. Gari la kwanza kubeba jina la ukoo, 356, lilikamilika mwaka 1948 Gmünd, Austria, na lilitumia mitambo mingi ya Volkswagen: silinda nne zilizolala, zinazopozwa kwa hewa, nyuma ya gari. Uzalishaji ukahamia Zuffenhausen, Stuttgart, na 356 ikaendelea hadi 1965. Mrithi wake alionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901. Peugeot walikuwa na haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, wakalalamika, na gari likawa 911. Hiyo ndiyo Porsche ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliiona kwenye Safari Rally. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 ikiendeshwa na Björn Waldegård, na ya pili tena mwaka 1978 mikononi mwa Vic Preston Jr. Ushindi wenyewe uliikwepa mara zote mbili.

Miaka ya 1970 kampuni ilijitayarisha kuachana na 911. 914, iliyoundwa kwa ushirika na Volkswagen, ilikuwa imetoka tangu 1969; ikafuata 924 (1976) yenye injini mbele na giaboksi nyuma, kisha 928 ya V8 (1977) iliyokusudiwa kurithi kiti cha 911. Peter Schutz alipoingia uongozini mwaka 1981 aliirudisha 911 kwenye mipango, na 924 ikazaa 944, nayo ikazaa 968. Matokeo yake, kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kiwanda kimoja kidogo kilikuwa kinaunda aina tatu za magari zisizogawana karibu chochote: injini, mabati, hata mpangilio. Mauzo yaliyokuwa yamevuka magari 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 yakashuka hadi karibu 14,000.

Wendelin Wiedeking alishika usukani mwaka 1992, akaleta washauri wa Kijapani waliolelewa katika mbinu za Toyota, na likapitishwa jambo moja ambalo ndilo linalotuhusu. Magari mawili mapya yangegawana kila kinachogawanika. Boxster (kwa jina la kiwandani 986) ilitoka mwaka 1996, na 911 ya aina ya 996 mwaka 1997. Kuanzia bampa ya mbele hadi milangoni ni karibu gari moja, na zile taa za mbele ambazo watu walizidhihaki kuwa mayai ya kukaanga zilikuwa zao wote wawili. Chini ya ngozi walishiriki pia ukoo wa injini, M96: silinda sita zilizolala, sasa zikipozwa kwa maji. Boxster iliuzika kiasi kwamba nyingine ziliundwa na Valmet, Uusikaupunki, Finland.

Ndani ya M96 kuna shafti ya kati. Krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) huizungusha kwa cheni, nayo huzipelekea kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mwendo kwa cheni nyingine. Ncha ya shafti ya kati ya upande wa flaiwili (gurudumu zito linaloshikana na klachi) imebebwa na beringi ya gololi iliyofungwa kwa sili na kujazwa grisi. Joto la miaka huikausha sili, oili ya injini inapenya, grisi inaoshwa. Oili iliyoingia haizunguki ikabadilishwa na mpya. Inakaa pale, inachoka, inageuka asidi. Gololi zikishalika, shafti inacheza, cheni inaruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Injini imekwisha.

Beringi hizo zimepita vipindi vitatu. Magari ya mwanzo yana beringi ya safu mbili za gololi, na makadirio yanayotajwa ni kwamba huvunjika kwenye gari 1 hivi kati ya 100. Kati ya mwaka wa modeli 2000 na 2005 ikaja ya safu moja, nyembamba, ambayo ndiyo yenye sifa mbaya: karibu 8 kati ya 100, na ndiyo iliyozaa shauri la pamoja Marekani lililomalizwa kwa suluhu mwaka 2013. Kisha ikaja beringi ya safu moja iliyo kubwa zaidi, hadi 2008. Hii ni imara kuliko zote, ila ni pana kuliko tundu la injini, hivyo haitoki bila kupasua bloku (mwili wa injini). Kwa mwaka wa modeli 2009 ikaletwa injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. 996 Turbo na GT3 haziingii kwenye hesabu hii. Injini yake ni ya ukoo mwingine, uliotoka kwenye magari ya mashindano.

Modeli za 2000 na 2001 ndizo zenye utata, kwani zipo za safu mbili na zipo za safu moja.

Magari matatu mezani

Gari la kwanza lilikuwa 944 ya mwaka 1987, lita 2.5, kwa pauni 6,000. Injini ya 944 ni ngumu, lakini ina mkanda wa taimingi na mkanda mwingine wa shafti za mizani, na wa taimingi ukikatika valvu zinapinda. Hakukuwa na risiti ya mkanda kwa miaka saba. Vizingiti vya chini ya milango vilikuwa vimepuliziwa rangi mpya nyeusi, jambo ambalo kwa 944 ya nchi ya mvua na chumvi barabarani lina maana moja tu. Likaachwa siku hiyohiyo, na ulikuwa uamuzi sahihi. Kutu ya vizingiti haina bei unayoweza kuijua kabla hujakata bati.

La pili lilikuwa Boxster ya 1998, lita 2.5, farasi 204, pauni 4,200. Beringi yake ilikuwa ya safu mbili bila shaka. Ila tangi la akiba la kulanti (maji ya kupozea injini) lililoko kwenye buti la nyuma lilikuwa na ufa, zulia limelowa, na baadhi ya bloku za miaka ile zilitoka kiwandani na vitundu vidogo vidogo kwenye alumini. Bei ilivutia, hali haikuvutia.

La tatu ndilo lililonunuliwa: Boxster ya lita 2.7, farasi 220, gia tano za mkono, iliyosajiliwa Septemba 2000, maili 78,000, pauni 6,300. Tangazo lilisema: “beringi ya safu mbili, hakuna wasiwasi.”

Ukaguzi

Mnunuzi alimlipa fundi huru pauni 220, na kazi ilifanywa vizuri kuliko kawaida. Gari lilikutwa injini ikiwa baridi, kama lilivyoombwa. Namba ya chesisi ilisomwa: herufi ya kumi ni Y, yaani mwaka wa modeli 2000, ya kumi na moja ni U, yaani Uusikaupunki. Muuzaji hakuwa amedanganya mwaka. Gari lililosajiliwa Septemba 2000 lingeweza kabisa kuwa modeli ya 2001.

Injini ikawashwa, kifuniko cha kumiminia oili kikafunguliwa. Kilitoka kwa urahisi bila kunyonywa kwa nguvu, ishara kwamba kitenganishi cha hewa na oili hakijapasuka. Kompyuta ikaonyesha kamshafti zote mbili ndani ya digrii 6 zinazoruhusiwa, na injini haikuwahi kuzungushwa kupita kikomo kwa kukosea gia, kwani kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya makosa hayo, na safu yake ya pili ilikuwa sifuri. Ndani ya matundu ya bampa ya mbele palijaa majani makavu. Kondensa moja ya AC ilikuwa imelika, ikimwaga gesi. Tairi za mbele zilikuwa za chapa mbili tofauti. Mifereji ya maji ya paa la turubai ilimiminiwa maji ya chupa ikapitisha. Ikiziba, maji huingia hadi kwenye kompyuta ya kingawizi iliyo chini ya kiti, na gari haliwaki tena.

Palisikika mlio wa cheni wa sekunde mbili wakati wa kuwaka. Mnunuzi akaurekodi, akaupeleka kwa shemeji yake mwenye gereji Nairobi. Jibu lilikuwa fupi: “Shemeji, sauti ya simu haitibu gari. Mwambie afungue filta.”

Muuzaji alikubali oili ibadilishwe kwa gharama ya mnunuzi. Filta ya M96 ni ya karatasi, imo kwenye kopo la plastiki linalofunguliwa kwa kofia ya milimita 74. Fundi aliikata karatasi kwa kisu pande zote mbili, akaikamua kwa koleo, akaitandaza juu ya karatasi nyeupe kama kordiani iliyofunguliwa, kisha akapitisha sumaku chini yake. Chenga za chuma zingeifuata sumaku, na hapo mazungumzo yangeishia. Chenga za alumini zingeng'aa bila kuifuata. Kilichopatikana ni vipande viwili vya plastiki ya kahawia, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hivyo hutoka kwenye pedi za kuongoza cheni, na kwa maili hizo ni uchakavu wa kawaida. Kopo likarudishwa kwa Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza), nati ya sampu (bakuli la oili) kwa Nm 50.

Faili la risiti lilikuwa nene. Ndani yake palikuwa na risiti ya 2007, ya fedha nyingi, yenye maelezo ya maneno machache tu kwamba ni kazi ya injini. Ilipinduliwa kama nyingine.

Bei ikashuka hadi 5,900 kwa sababu ya kondensa na tairi. Akiba ikawa pauni 2,600.

Gereji, miezi miwili baadaye

Mpango ulikuwa wa kawaida kwa gari hili: kushusha giaboksi, kubadili klachi, sili ya nyuma ya krankshafti na beringi ya shafti ya kati, vyote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa kazi kubwa ni kufika pale. Kwenye Boxster injini haihitaji kushuka. Giaboksi iko nyuma yake, ikitoka na klachi na flaiwili zikatoka, kifuniko cha beringi kiko wazi mbele yako.

Ili kuokoa siku, mnunuzi aliagiza mapema seti ya beringi ya kauri ya safu mbili, pauni 640. Aliamini namba ya chesisi, tangazo na fundi wa ukaguzi, na wote watatu walielekea upande mmoja, ingawa modeli ya 2000 yenyewe ina utata.

Giaboksi iliposhuka, nati ya katikati ya kifuniko ikachukua spana ya 22. Beringi ndogo, za safu moja na mbili, zina nati ya 13. Nati ya 22 ni ya beringi kubwa, ambayo kiwandani haikuwahi kuwekwa kwenye gari lolote la modeli ya 2000. Fundi akalala chini na taa, akafuta mafuta kwenye bloku karibu na sampu, akasoma namba ya injini. Ilikuwa na herufi AT, alama ya injini mbadala ya kiwanda. Ile risiti ya 2007 ikaeleweka. Injini ya kwanza ilikuwa imekufa, na hii ilikuwa na umri wa miaka saba pungufu ya gari.

Njia zilikuwa tatu. Kupasua bloku ili kuitoa beringi kungegharimu zaidi ya nusu ya thamani ya gari, wakati beringi yenyewe ni ile isiyovunjika kirahisi. Kuifunga kama ilivyo kungekuwa bure, lakini grisi ya ndani ilikuwa ya zamani. Njia ya tatu ni kufungua kifuniko, kung'oa sili ya nje ya beringi kwa kijiti chembamba bila kuikwaruza beringi, na kuiacha ilainishwe na oili ya injini inayozunguka. Ikachaguliwa hiyo.

Hata kwa kung'oa sili tu, taratibu ni zilezile za kubadili beringi, na hapa ndipo injini nzima nzima huuawa na mafundi wenye haraka. Kifuniko ndicho kinachoishika ncha ya shafti katikati. Kikitoka, cheni inaivuta shafti pembeni. Kwa hiyo krankshafti ilifungwa kwa pini kwenye puli ya mbele, kamshafti zikafungwa kwa kifaa chake baada ya kutoa vifuniko vya plastiki vya kichwani (hivyo hutupwa na kuwekwa vipya), tenshena za cheni (vikaza cheni) zikatolewa, ndipo bolti tatu za kifuniko zikafuata. Tangu tenshena zitoke hadi zirudi hakuna mtu aliyegusa krankshafti. Kifuniko kilirudi na sili mpya na bolti mpya zenye gundi yake, kwa Nm 10. Bolti za flaiwili nazo zilikuwa mpya. Sili ya krankshafti ilikuwa imeanza kutoa jasho, ikabadilishwa. Klachi ilikuwa imebakiza kidogo.

Matokeo

Klachi 310, sili na bolti 65, kazi ya saa kumi 750, oili na filta 95. Jumla 1,220. Kondensa 420, tairi mbili za mbele 240, ukaguzi 220. Seti ya kauri iliyokwisha funguliwa haikurudishika dukani. Iliuzwa 430, hasara ya 210. Akiba ilibaki na pauni 290.

Baada ya miezi kumi na minne, filta mbili zimekatwa na kupitishwa sumaku. Hakuna chuma.

Nini kilifanya kazi, nini kilikwama

Kukata filta kabla ya kulipa ndiko kulikokuwa na thamani kuliko yote. Oili ya lita nane na ushei ni ghali, na wauzaji wengi hukataa. Anayekataa hata baada ya kuambiwa kwamba oili mpya itabaki kwenye gari lake bure amekujibu tayari.

Akiba nayo ilifanya kazi, na sababu si kwamba ilikuwa kubwa. Ilitengwa kabla gari halijachaguliwa, hivyo haikumezwa na bei. Wanunuzi wa magari haya humaliza pesa zote kwenye ununuzi kisha huendesha kwa dua.

Kilichokwama ni kimoja, na wote walikichangia. Historia ya modeli ilitumika kusoma bodi badala ya injini. Mwaka wa chesisi unaeleza kilichotoka Uusikaupunki, hauelezi kilichopo leo, na hasa kwa M96, ambayo kwa sababu tulizoziona zimebadilishwa nyingi. Namba ya injini ilikuwa umbali wa kitambaa na taa. Muuzaji mwenyewe hakujua alichokuwa nacho. Angeijua ile AT na risiti yake, angeuza kwa bei ya juu. Hapa ujinga ulimfaidi mnunuzi, lakini ungeweza kumgeukia: injini mbadala ya 2003 ingekuja na beringi nyembamba ya safu moja, na lile tangazo la “hakuna wasiwasi” lingekuwa kinyume kabisa cha ukweli.

AT peke yake haisemi beringi ni ipi. AT ikiambatana na tarehe ya kufungwa inaelekeza, kisha nati inathibitisha. Na kwa kuwa nati haionekani mpaka giaboksi ishuke, seti ya beringi haipaswi kuagizwa kabla ya hapo. Uingereza spea hizi hufika kesho yake. Siku moja ya gari kukaa juu ya lifti ni nafuu kuliko pauni 210.

Kuhusu kung'oa sili, mafundi hawakubaliani. Kwa maoni yetu ni hatua nzuri kwa beringi kubwa, kwa sharti la oili kubadilishwa kila maili 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, kwa sababu sasa beringi inakunywa kila uchafu uliomo kwenye oili. Mwenye kuendesha maili mbili za dukani na kurudi, oili isipate joto la kukausha maji yake, hana faida ya hatua hii.

Anayepanda ngazi moja hadi 987 (mrithi wa 986) au 997 (mrithi wa 996) ya mwaka 2005 yuko kwenye mpaka uleule. Zipo za 2005 zenye beringi ndogo inayotoka, na zipo zenye kubwa isiyotoka, kwa bodi ileile na tangazo lilelile. Hapo pia kitambaa na taa ndivyo vya kuanza navyo, kabla ya kufungua mlango na kukaa kwenye kiti.